Barafu ya Samaki

Nilijifunza habari za barafu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, jikoni kwa mama, mtaa wa Malangali hapa Sumbawanga, mahali ambapo kitu cha baridi kuliko vyote ni sakafu ya saruji mwezi wa saba. Sikwenda chuo. Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakunipeleka popote, na sikuwa na moyo wa kurudia mtihani, kwa sababu kurudia ni kukubali mbele ya watu kwamba ulishindwa. Nikasoma peke yangu. Nilianza na volkano, nikahamia milima, na huko milimani nikakutana na barafu, nikakwama hapo. Nadhani kilichonivuta ni kwamba barafu ya mlimani inaonekana imetulia kabisa, kumbe muda wote inasukumwa na uzito wake yenyewe, na ndani kwa ndani inapasuka. Nilijiona humo.

Mimi ni msichana ninayeandika ujumbe wa salamu, nikaufuta, nikauandika upya, kisha nisiutume. Nikialikwa mahali nafika mapema mno, nazunguka mtaa mpaka nachelewa. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu bila hayo msomaji ataona yaliyonipata ni ujinga tu. Ujinga ulikuwepo, lakini niliufanya kwa uangalifu mkubwa.

Kundi letu la wapenda barafu lilikutana mtaa wa Chanji kila Jumamosi mchana, kwenye chumba cha nyuma cha steshenari, kati ya maboksi ya karatasi na mashine ya fotokopi. Aliyelianzisha alikuwa kijana wa hapa hapa Sumbawanga. Alikwenda kusoma shahada ya pili, akaanza utafiti juu ya barafu ya Kilimanjaro, ufadhili ukakatika, akarudi kusimamia duka la kaka yake. Tulimwita Mwenyekiti. Yeye ndiye aliyetuunganisha na semina ya mtandaoni ya wanafunzi wa nchi mbalimbali wanaotafiti barafu. Mara moja kwa mwezi tulijipanga mbele ya kompyuta yake, na makoti yetu mwilini, tukisikiliza wenzetu wanaoiona milima yao dirishani. Jumamosi zilizobaki tulifundishana wenyewe. Mmoja alitoa mada, wengine tukamchambua.

Waliokuja bila kukosa walikuwa wachache. Palikuwa na mwalimu wa jiografia wa sekondari, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, ambaye alipenda kuwapa watu majina. Mimi aliniita Profesa wa Bando, kwa kuwa elimu yangu yote ilitoka kwenye simu. Halafu palikuwa na msichana wa Laela, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, binti wa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani na ng'ombe wao. Alipanda basi asubuhi kuja kutusikiliza, akarudi jioni. Wengine walikuja mara mbili tatu, wakaacha. Hakuna aliyewauliza kwa nini. Tulijua.

Tulijua kwa sababu ya desturi ya kundi. Mwenyekiti alisema aliikuta kule alikosoma, ingawa sijamsikia mtu mwingine akiitaja. Mtoa mada akimaliza, kabla ya maswali, alinyoosha kiganja cha kushoto mbele ya wote, na kipande cha barafu kikawekwa juu yake. Ilimpasa ajibu maswali akiwa amekishika. Akikiangusha, au akikihamishia mkono wa kulia, maswali yalikoma, na yale ambayo hayajajibiwa yalihesabiwa kuwa yamemshinda. Barafu yenyewe ilitoka sokoni, kwa akina mama wanaouza migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika wanaoletwa kutoka Kasanga. Ilikaa kwenye ndoo ndogo ya rangi chini ya meza, na ilinuka samaki. Mara nyingine ilikuja na magamba.

“Huwezi kutuhubiria kitu ambacho mkono wako hauwezi kukibeba,” Mwenyekiti alituambia. “Kule juu hakuna kuomba poo.”

Tuliamini. Sijui niseme nini zaidi. Alikuwa ndiye pekee miongoni mwetu aliyewahi kufika kule juu, na tulimtazama alivyoitazama ndoo ile, tukadhani anajua.

Mwaka jana, msimu wa mvua ulipokuwa unaisha, alikuja na habari. Watafiti waliokuwa wanapanda Kilimanjaro kupima kuta za barafu zilizobaki walikubali kumchukua mtu mmoja kutoka kundi letu, awasaidie kupima na kujifunza. Gharama zote ni zao. Mwenyekiti mwenyewe asingeweza kuacha duka. Kila mmoja wetu angetoa mada, na yeye angechagua.

Niliacha kula vizuri tangu siku hiyo. Nilikuwa nimesoma kwamba barafu ile inakwisha, kwamba kila mwaka kuta zinarudi nyuma, kwamba watu wa umri wangu huenda ndio wa mwisho kuiona. Nafasi ya pili isingekuwepo, kwangu wala kwa mlima. Nilitaka kuiona kabla haijaisha. Nilitaka pia, na hili nalisema kwa aibu kidogo tu, kuiona kabla mwalimu yule hajaiona.

Msichana wa Laela alitangulia kutoa mada. Alizungumzia vumbi, jinsi linavyotua juu ya barafu, likaipaka weusi, na weusi ukavuta jua. Alikulia nyuma ya ng'ombe, vumbi alilijua, lakini picha zake zilikuwa shaghalabaghala na alisahau kusema alichotaka kuthibitisha. Akanyoosha mkono, akawekewa barafu. Mwenyekiti alimuuliza vumbi hilo linatoka wapi, naye akaanza kujibu vizuri tu, kisha mkono ukaanza kutetemeka.

“Mbona mkono unacheza, dada?” mwalimu akasema. “Kwenu hawakukuzoesha kukamua?”

Watu walicheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alisema, “Inauma,” kama mtu anayetaja saa, akakiweka kipande kile mezani, juu ya karatasi za Mwenyekiti, akajifuta mkono kwenye koti. Akasema swali atalijibu, ila kile hakishiki tena. Mwenyekiti akamwambia basi, limemshinda. Akaketi, akatoa karanga mfukoni, akaanza kuzimenya.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Njia nzima ya kurudi Malangali nilikuwa na raha kifuani, na niliporudia kichwani lile neno lake, “inauma,” nililiona kuwa neno la mtu asiyejiandaa.

Mimi nilijiandaa. Mada yangu ilikuwa kwa nini barafu ya Kilimanjaro inasimama kama ukuta badala ya kuteremka kama mteremko. Niliijua mpaka nikaichoka. Kwa hiyo nikaona kilichobaki kufanyiwa mazoezi ni mkono.

Hapa ndipo usomi wangu wa simu uliponifikisha. Nilikuwa nimesoma kwamba barafu ikichanganywa na chumvi inayeyuka huku ikizidi kuwa baridi, inashuka chini kabisa ya ile baridi ya barafu tupu. Nikapiga hesabu yangu: nikizoea hiyo, barafu ya Mwenyekiti itakuwa kama kushika kiazi. Nilikwenda sokoni kwa mama mmoja wa samaki nikamwomba barafu, nikamdanganya kwamba mdogo wangu amevimba mguu. Alinipa bure na pole juu. Nyumbani, mama alipokwenda shambani kuvuna ulezi, nilifunga mlango wa jiko, nikaweka barafu kiganjani, nikainyunyizia chumvi, nikafumba vidole, nikaanza kujibu maswali kwa sauti.

Siku ya kwanza nililia. Siku zilizofuata nililia kidogo. Mama aliuliza kwa Kifipa chumvi inakwenda wapi siku hizi, nami nikamjibu kwa Kiswahili, kama ninavyofanya ninaposema uongo. Kisha ikaja asubuhi ambayo maumivu yalipanda, yakapanda, halafu yakakatika yenyewe. Kiganja kikawa kimya. Niliendelea kuongea mpaka mwisho wa mada, na nilipofumbua mkono vidole viwili na nyama ya chini ya dole gumba vilikuwa vyeupe na vigumu kama mshumaa. Nilivigonga mezani. Vililia kama kijiti.

Mtu mwingine angeogopa. Mimi nilitabasamu. Nilidhani nimefaulu.

Baadaye yalitokea malengelenge, yakapasuka, ngozi ikawa na rangi ya zambarau. Nilifunga kitambaa mkononi, nikamwambia mama nimeungua na sufuria, na hilo lilimridhisha, kwa sababu kwetu mtu huungua na moto tu.

Jumamosi yangu ilipofika nilikifungua kitambaa nje ya steshenari. Nilitoa mada bila kusoma mahali. Nilieleza kwamba theluji haiwezi kushika ubavuni mwa ukuta, inatua kichwani pake au miguuni pake, kwa hiyo ukuta unapoteza na haurudishiwi. Nilieleza jinsi jua linavyohama, nusu ya mwaka likichoma upande wa kaskazini na nusu upande wa kusini. Nikatoa mfano wa nyumba yetu, ambayo ukuta wake wa kusini mwezi wa sita una ukungu wa kijani huku wa kaskazini umekauka. Niliwaambia kwamba kule juu barafu nyingi haiyeyuki, inageuka mvuke moja kwa moja, inakwenda bila kuacha hata tone. Hakuna aliyecheka. Kisha nikanyoosha kiganja.

Mwenyekiti aliniwekea kipande mwenyewe. Akauliza, nikajibu. Mwalimu akauliza, nikajibu. Sikusikia kitu. Maji yaliteremka kwenye kifundo cha mkono, na hapo nilishtuka, kwa sababu pale yalikuwa baridi. Kipande kikayeyuka chote kiganjani mwangu, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye kundi letu.

“Mwongezee,” Mwenyekiti akamwambia mwalimu.

Mwalimu akaniongezea. Nikaendelea. Nilimwona Mwenyekiti akinitazama kwa namna ambayo nilidhani ni heshima. Sasa nadhani alikuwa anatafuta mahali nitakapovunjikia, na alikasirika kutopaona.

Msichana wa Laela, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akasema, “Mwenyekiti, hebu angalia vidole vyake. Vimebadilika rangi.”

“Ameomba poo?” Mwenyekiti akauliza bila kumgeukia. Kisha akaniuliza mimi. “Umeomba poo, Profesa?”

“Sijaomba.”

“Umesikia? Hajaomba. Mwongezee.”

Swali lake la mwisho lilikuwa, ikiwa ukuta unarudi nyuma kila mwaka, mwisho wake ni nini. Nikasema hauna mwisho mwingine, utaisha. Akauliza lini. Nikasema sijui, na hakuna anayejua kwa hakika. Akanishika mkono wa kulia, akawaambia wenzangu kwamba mtu wa kwenda amepatikana. Walipiga makofi. Hata mwalimu. Nilitembea mpaka nyumbani huku maji ya samaki yakikauka kwenye mkono wa koti, na sijawahi kuwa na siku nzuri kama ile.

Watafiti walitaka kila anayepanda apimwe afya kwanza. Nilikwenda zahanati. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanipima presha na mapafu, akaridhika. Nilikuwa nimeficha mkono wa kushoto mfukoni. Aliuomba. Akaugeuza chini ya mwanga wa dirisha.

Aliniuliza nimeungua na nini. Nikasema barafu. Akadhani namtania, akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje amwone mtu aliyeungua na barafu Sumbawanga. Yule akaja, akaangalia, akarudi zake akicheka. Muuguzi wangu hakucheka tena. Alichukua sindano, akaniambia nitazame ukutani, nimwambie kila ninaposikia inachoma.

Ukutani palikuwa na picha ya mama anayenyonyesha. Niliitazama nikitega mwili wote. Nilikuwa nimejiandaa kufaulu mtihani ule pia.

“Nasikia,” nikasema.

“Wapi?”

“Kidole cha kati.”

“Sijakugusa bado, mwanangu,” akasema.

Aliandika alichokiona. Majibu ya watafiti yalikuja kwa barua pepe, ya upole sana, na upole huo ndio uliouma. Walisema mkono ulioumizwa na baridi unaumizwa tena kwa urahisi, na kule juu, mbali na hospitali, mtu anaweza kupoteza vidole. Hawawezi kunichukua. Walinitakia heri katika masomo yangu. Niliisoma mpaka nikaikariri, nikitafuta sentensi ambayo ningeweza kuijibu.

Mwenyekiti aliwaambia wenzangu Jumamosi iliyofuata, mimi nikiwepo. “Profesa wetu hapandi,” alisema. “Ameunguzwa na barafu ya samaki.” Chumba kilicheka kwa muda mrefu, na kila kilipotulia mwalimu alirudia maneno mawili ya mwisho, kikaanza upya. Mimi pia nilicheka. Nilicheka vizuri, kwa kiasi kile kile cha wengine, nikihakikisha sianzi kabla yao wala simalizi baada yao.

Nafasi ilikwenda kwa msichana wa Laela. Mwalimu alikuwa na mitihani ya kusahihisha, na wengine walikuwa wameshaacha kuja. Ndivyo alivyochaguliwa. Alinifuata nje akaniambia haoni kama ni haki, na kwamba nikisema neno atakataa. Nilitamani kulisema. Nikamwambia avae soksi mbili mbili.

Ungedhani niliacha kundi. Sikuacha. Ningekwenda wapi kwingine? Hapa Ufipa nzima hakuna chumba kingine ambacho ukisema ukuta wa barafu mtu anajua unasema nini. Nilirudi, na Mwenyekiti akaisukuma ndoo kwa mguu mpaka mbele yangu. Alisema kuanzia siku hiyo mimi ndiye nitakayegawa barafu, maana mimi hainiumi.

Niliifanya kazi hiyo kama ninavyofanya kila kitu. Nilikwenda sokoni mapema. Nilifuta magamba. Nilijifunza kwamba kipande laini kinateleza na mtu anapata kisingizio, na kwamba chenye pembe kinakaa mahali pake na kinauma kwa kina. Aliponyoosha mkono mtu mpya, nilimtazama machoni, nikamchagulia. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba barafu yangu ni chafu. Vidole vyangu viwili havijarudi mpaka leo. Navitumia kama mtu anavyotumia koleo.

Kisha msichana wa Laela akarudi kutoka mlimani.

Ngozi ya pua ilikuwa imembanduka na midomo imepasuka. Alisimama mbele ya mashine ya fotokopi akasimulia bila picha, kwa sababu simu yake ilizimika kwa baridi. Alisema kuta ziko kama nilivyosema, zimesimama wima juu ya mchanga mweusi mkavu, na chini ya baadhi yake hamna hata unyevu. Alinitazama aliposema hivyo. Alisema karibu na ardhi barafu ina rangi ya bluu, na ndani yake mna mistari ya vumbi, mstari juu ya mstari, vumbi la watu waliokufa zamani. Nilisikiliza kama mtu anayesimuliwa arusi ambayo yeye ndiye angekuwa bibi arusi. Nilimchukia kwa kila neno alilolisema vizuri.

Akamaliza. Akanyoosha kiganja cha kushoto, nami nikainuka na ndoo.

“Chagua dogo, shoga,” akaninong'oneza.

Nilikuwa nimeshachagua, tangu sokoni. Pande kubwa, lenye pembe. Nikaliweka katikati ya kiganja chake. Akalitazama, akanitazama mimi.

Mwenyekiti alimuuliza alipoushika ule ukuta kwa mkono wake, alisikia nini.

“Sikuushika.”

“Ulifika mpaka pale, usiushike?”

“Hakuna anayeushika kwa mkono mtupu, Mwenyekiti. Siku ya kwanza kabisa, hatujaona hata theluji, walitugawia glavu. Mkuu wa msafara alisema atakayemkuta amezivua anamteremsha.” Maji ya barafu yalikuwa yanamdondoka vidoleni. “Wewe ulipokwenda hawakukupa glavu?”

Mwenyekiti alizipanga karatasi zake. Alizipanga tena.

“Glavu zilikuwepo,” akasema.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alikuwa anatazama vidole vyangu, nadhani kwa mara ya kwanza. Nilivificha nyuma ya ndoo.

Msichana wa Laela akageuza kiganja. Barafu ikaanguka sakafuni, ikateleza mpaka chini ya mashine ya fotokopi. Akajifuta kwenye koti kama alivyojifuta siku ile, akasema ana mengine ya kueleza kuhusu vumbi, na akaanza kuyaeleza. Kwa sheria ya Mwenyekiti mwenyewe, maswali yalikuwa yamekoma na yeye angepaswa kuketi. Hakuketi.

“Ameangusha,” Mwenyekiti aliniambia. “Mpe kingine.”

Wote walinigeukia. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyaandaa tangu siku ya sindano, nikayafuta, nikayaandaa upya, na yalikuwa mazuri, hayakukosa kitu. Msichana wa Laela pia alikuwa ameacha kueleza, ananingoja niyaseme. Nikatazama chini, nikaona mkono wangu wa kushoto umeshaingia ndani ya ndoo. Ulikuwa unapekua, unaacha vidogo, unatafuta chenye pembe. Nilijua kwa kuuona tu, maana wenyewe haukuniambia kitu.